Hirizi ya Kiunoni Haishiki Kamba

Jumapili moja huko Lukenya nilikuwa juu ya mwamba, mita kama 12 kutoka chini, vidole vya mkono wa kulia vikiwa ndani ya ufa na vya kushoto vikitafuta pa kujishikiza. Nikatupa jicho chini kumtazama mwenzangu. Alikuwa amekalia jiwe, amekunja nne, mikono yote miwili ikihangaika na pakiti ya njugu iliyogoma kufunguka. Kamba iliyobeba uhai wangu ilikuwa imelala pembeni ya paja lake kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Nilipomfokea aliinua uso bila haraka, akatafuna, akameza, akanijibu: "Tulia mzee. Hii ni grigri. Inashika yenyewe."

Angekuwa mzembe mmoja tu nisingepoteza wino. Lakini sentensi hiyo nimeisikia kwenye kumbi za kupandia jijini Nairobi, nimeisikia chini ya Fischer's Tower kule Hell's Gate, nimeisikia kwa watalii waliojifunzia Ulaya na kwa vijana waliojifunza juzi. Imeshakuwa salamu. Mtu anakufunga kamba, unamuuliza kama anajua kuishika, naye anakuonyesha kifaa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuvaa mkanda wa kupandia: mpandaji hujifunga ncha ya kamba kiunoni. Kamba hiyo hupita kwenye karabina, pete yenye mlango, iliyo juu yake, au kwenye karabina anazozibana katika bolti zilizozamishwa mwambani kadiri anavyopanda, kisha hushuka hadi kwa mtu aliye chini, mshika kamba, ambaye ameipitisha kwenye kifaa kilichobanwa mbele ya mkanda wake. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tuliongeza sharti moja tu, kwamba umngoje huku umeshika kamba. Kwenye tyubu, kifaa cha kale kisicho na kitu kinachosogea, mkono, ule tunaouita mkono wa breki, ndio unaoivuta kamba chini ili ijikunje na kukwama. Mkono ukiachia, kamba inakimbia. Vifaa vya kusaidia breki vilikuja kuziba pengo hilo, na maarufu kuliko vyote ni Grigri ya kampuni ya Petzl ya Ufaransa, iliyoingia sokoni mwaka 1991. Jina limeenea kama Colgate lilivyoenea kwa dawa ya meno: hata cha kampuni nyingine watu hukiita grigri.

Na jina lenyewe ni kichekesho. Gri-gri, neno ambalo Kifaransa kililikuta Afrika Magharibi, ni hirizi. Kifaa cha chuma na alumini kikapewa jina la hirizi, na wapandaji wakakitumia kama hirizi: ukishaivaa, basi.

Niiseme hoja yao kwa haki kabla ya kuigusa. Wanasema hivi: binadamu ndiye sehemu dhaifu. Mkono huchoka, jasho huteleza, nyuki huuma, jiwe hudondoka likampiga mshika kamba akazimia. Kifaa kinachojifunga hakichoki wala hakizimii. Kwa hiyo mwenye kifaa hicho yuko salama kuliko asiye nacho, na kwa kuwa kifaa ndicho kinachofanya kazi, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anaweza kuaminiwa nacho. Anayeendelea kuhubiri mkono wa breki ni mzee wa zamani anayelilia enzi zake.

Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Uongo mtupu haumfikishi mtu mita 12 juu.

1. Walioitengeneza hawasemi hivyo

Tuanze na karatasi ambayo hakuna aisomaye. Ulaya ina kiwango cha vifaa hivi, EN 15151-1 cha mwaka 2012. Kichwa chake hakisemi breki zinazojifunga zenyewe. Kinasema breki zenye kufunga kwa msaada wa mkono. Tyubu na jamaa zake zimewekwa kwenye sehemu ya pili ya kiwango hichohicho, breki za mkono. Yaani waandishi wake walipotafuta tofauti kati ya makundi haya mawili, hawakuona kundi lenye mkono na kundi lisilo na mkono. Waliona mkono pande zote mbili.

Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi nacho kinarudia, kwa maneno na kwa michoro, kwamba upande wa kamba wa breki ushikwe wakati wote. Chama cha Wapanda Milima cha Ujerumani, DAV, ambacho hupenda kutajwa na wapenzi wa hoja hii kwa sababu kweli kinapendekeza vifaa vya aina hii, huviita nusu-otomatiki, na pendekezo lake limefungwa pingu na kanuni ya mkono wa breki: mkono hauachii kamba, kifaa kiwe kipi. Neno hilo lilipanda ndege likiwa nusu-otomatiki, likashuka Nairobi likiwa otomatiki. Ile nusu ilipotelea wapi, waulizwe watu wa forodha.

2. Mashine isiyo na macho

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mzizi ulipo.

Ndani ya Grigri mna kipande cha chuma kinachozunguka kwenye mhimili wake, kile ambacho fundi wa magari angekiita kamu. Kamba hupita kwa kuizunguka. Ikivutwa ghafla upande wa mpandaji, kamu huzunguka pamoja nayo na kuibana kamba kwenye ukuta wa ndani. Ukitaka kuielewa bila kupanda mwamba, keti kwenye gari uvute mkanda wa kiti. Uvute polepole, unakuja wote. Uvute kwa ghafla, unagoma.

Sasa fikiria mashine hiyo inaombwa nini. Mpandaji anayeongoza, yule ambaye bolti iko chini yake na si juu, anahitaji kamba itoke upesi kila anapotaka kuibana kwenye karabina inayofuata. Mpandaji huyohuyo akianguka, anahitaji kamba ikome papo hapo. Kwa mashine, matukio haya mawili ni kitu kimoja: kamba imevutwa kwa nguvu upande wa juu. Haina macho ya kuona kama aliyevuta anacheka au anapiga kelele. Ina kasi tu ya kupimia, na mtu mwenye haraka ya kubana kamba ana kasi ya kutosha kuidanganya. Inajifunga, mpandaji anakwama mkono hewani, anatukana, na mshika kamba anaona haya.

Haya hiyo ndiyo mama wa ajali. Ili asitukanwe tena, mshika kamba anagundua dawa: anaikandamiza kamu kwa kidole gumba, au anakifumbata kifaa chote kwenye kiganja. Kamba inatiririka kama maji na mwenzake anamsifu. Alichofanya ni kuizima breki. Na ameizima wakati gani? Wakati mpandaji amesimama juu ya bolti yake ya mwisho, ameshajivutia kamba ya ziada mkononi, mguu unatetemeka. Kama kuna sekunde moja katika saa nzima ambayo breki inatakiwa iwe hai, ni hiyo. Kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya dakika ya hatari huzimwa, kwa adabu kabisa, dakika ya hatari inapofika.

Ataniambia mtu: akianguka si nitaachia tu? Mwili wa binadamu haukuumbwa hivyo. Mkono ulioshtuka hukaza. Mtu anayeanguka mita 5 hutumia sekunde 1, na katika sekunde hiyo kiganja kilichofumbata kifaa hukifumbata zaidi, kamu haizunguki, kamba inapita. Kuna njia sahihi ya kutoa kamba upesi, nayo imechorwa kwenye kijitabu kilekile: vidole vitatu vinabaki vimeizunguka kamba ya breki, cha shahada kinaegemea ukingo wa kifaa, gumba linagusa kamu kwa kitambo kifupi na kuondoka. Angalia hesabu. Kifaa kinachosemekana kimeuondoa mkono kinataka vidole vitano, kila kimoja na kazi yake, na mazoezi ya wiki kadhaa. Tyubu ilitaka ngumi moja tu iliyofungwa.

Mfano wa mkanda wa gari una upande wa pili pia. Ukiuvuta polepole unakuja wote, na kuna maanguko ya polepole: mtu anateleza kwenye mwamba wenye mlalo, au kamba imepita kwenye kona tano ikapungukiwa nguvu kabla haijafika chini. Ongeza kamba nyembamba, mpya, inayoteleza kama mkunga, au iliyolowa, au yenye vumbi la Hell's Gate. Mkono ulioshika kamba ya breki huisaidia kamu kuuma, kwa uzito mdogo tu, hata wa vidole viwili. Mkono ulioshika njugu hausaidii chochote.

Na tusisahau kwamba kamba inaweza kupitishwa kinyume. Ubavuni mwa kifaa pamechorwa mtu anayepanda na mkono unaoshika, ili ujue ncha ipi inakwenda wapi. Ukigeuza, kamu haiumi ipasavyo, na kwa macho hakuna kilichobadilika: kiunoni kifaa kinang'aa vilevile.

3. Mpini

Nimeanguka mara nyingi nikipanda, na mara moja tu nikishuka. Ilikuwa ukumbini, jioni ya katikati ya wiki. Nilikuwa nimemaliza njia, nimekaa kwenye kamba, nikamwambia dada aliyenishika anishushe. Ilikuwa siku yake ya pili. Alikuwa amefundishwa vizuri kwamba mpini ukivutwa, kamba huachia. Hakuwa amefundishwa kwamba mpini si wa kupimia mwendo, kwamba mwendo hupimwa na mkono wa breki ulioko chini, na mpini hufungua mlango tu. Akauvuta. Nikashuka upesi kuliko alivyotarajia. Akaogopa, na mtu aliyeogopa hufanya nini? Hung'ang'ania alichoshika. Alichoshika kilikuwa mpini. Kadiri nilivyokuja kwa kasi ndivyo alivyouvuta, na kadiri alivyouvuta ndivyo nilivyokuja. Nakumbuka sauti ya kamba, ile *shhhh* ya shuka linaloburutwa, kisha godoro, kisha kimya, kisha yeye analia na mimi ninahesabu vidole vya mguu wa kushoto kimoja kimoja nikivichezesha.

Hakuumia mtu. Aliyejeruhiwa ni hoja. Kwa maana tyubu haina mpini. Katika tyubu woga na breki vina mwelekeo mmoja, unaogopa, unakaza, kamba inasimama. Kwenye kifaa hiki woga huelekezwa mkono wa pili, uliokaa juu ya kitu cha kufungulia.

Watengenezaji walilijua hilo. Mwaka 2017 ikaja Grigri+, ambayo mpini wake ukivutwa kupita kiasi hujifunga tena. Yaani kikavumbuliwa kifaa cha kutulinda na kifaa kilichovumbuliwa kutulinda, na bei ikapanda. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kama kitu hiki kinashika chenyewe, kinahitaji mlinzi.

4. Kukamata si kupokea

Kiswahili kina maneno mawili hapa na wapenzi wa hirizi wanajua moja. Polisi hukamata. Mkunga hupokea.

Mpandaji akianguka kutoka juu ya bolti, kamba ikikoma ghafla chini, yeye hageuki kuwa malaika aliyening'inia. Anabembea kuelekea ukutani kama mlango uliopigwa na upepo, na kinachofika kwanza ni vifundo vya miguu. Mshika kamba mzoefu huinuka na kamba, huruka kidogo au hupiga hatua mbele kwa wakati wake, ili mwisho wa kuanguka uwe laini. Kifaa hakijui kuruka. Kinabana, na kinabana kwa ukali kuliko tyubu, ambayo huiachia kamba iteleze kidogo kabla haijasimama. Nguvu ambayo haikumezwa na mtelezo huo inakwenda mahali: kwenye kiuno cha mpandaji, na kwenye karabina ya juu inayobeba pande mbili za kamba kwa pamoja. Kwenye bolti iliyozamishwa kwenye mwamba si neno. Kwenye kabari ndogo ya chuma uliyoisokomeza ufani kwa mkono wako, ukiomba Mungu, ni neno kubwa.

Mtu wa kilo 90 aliyekaa kwenye jiwe na kifaa chake akimshika binti wa kilo 50 atakwambia kwa fahari kwamba binti hakuanguka hata mita 2. Muulize binti miguu yake inaendeleaje.

5. "Vyote ni kitu kimoja"

Hili nalipita haraka kwa sababu linajibika haraka. Grigri ina kamu inayozunguka. Mega Jul ya Edelrid, Smart ya Mammut na Pilot ya Black Diamond hazina kamu: hufunga kwa umbo lao pamoja na karabina, kwa hiyo ukiweka karabina yenye unene au umbo lisilotakiwa umebadilisha mashine nzima. Revo ya Wild Country husubiri kamba ifikie kasi fulani ndipo ijifunge. Neox, iliyotoka Petzl mwaka 2024, ina kigurudumu ndani ili kamba itoke kwa ulaini. Kila moja inashikwa kivyake, inatoa kamba kivyake na kushusha mtu kivyake. Anayejua moja akadhani anajua zote ni kama dereva wa trekta aliyekabidhiwa basi la abiria kwa sababu yote mawili yana usukani.

Halafu kuna unene wa kamba. Grigri 2 iliandikiwa kamba za milimita 8.9 hadi 11. Ya mwaka 2019, 8.5 hadi 11. Watu husoma namba hizo kama ukubwa wa viatu, ikiingia imeingia. Kamba ya karibu na milimita 11, iliyotumika miaka mingi, iliyofura na kuota manyoya, itaingia, na itagoma kutoka. Mshika kamba atarudi kwenye dawa yake ya gumba. Kwa hiyo kamba kuukuu, ambayo mtu mwenye akili angedhani inauma vizuri zaidi, ndiyo inayomfundisha mtu kuizima breki. Nani huuza vifaa hivi akikuuliza kwanza una kamba gani?

6. Pabovu pengine kabisa

Kamba hukatikia pabovu, na pabovu mara nyingi si pale tulipoweka hela.

Mwaka 1989, huko Buoux kusini mwa Ufaransa, Lynn Hill wa Marekani, mmoja wa wapandaji bora kabisa duniani wakati huo, alipitisha kamba kwenye mkanda wake, akashughulika na viatu, hakumalizia fundo. Alipanda mpaka juu bila tatizo, kwa kuwa mtu asiyeanguka hahitaji fundo. Alipoegemea nyuma ili ashushwe, kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakampunguzia kasi, akapona. Grigri ilikuwa bado miaka miwili kufika sokoni, lakini hata angeshikwa na grigri 10, zote zingeshika kwa uaminifu kamba isiyo na mtu.

Mwaka 2006, kwenye Leaning Tower huko Yosemite, Todd Skinner, naye jina kubwa, alikuwa akishuka kwa kamba. Kitanzi cha mbele cha mkanda wake, kilichokuwa kimechakaa, kikakatika. Alifariki. Kwenye kitanzi hicho ndipo kifaa chochote cha kushikia kamba kinapobanwa. Nimewaona watu wenye kifaa cha zaidi ya dola 100 kilichobanwa kwenye mkanda walioununua mtumbani bila kujua umelala kwenye jua la nani kwa miaka mingapi.

Kisha kuna ncha ya kamba. Mshika kamba anamshusha mwenzake, macho juu, kamba inapungua chini bila yeye kujua, ncha inafika, inapita ndani ya kifaa na kutoka. Kamu haina la kubana. Dawa yake ni fundo moja kwenye ncha, halina bei, linachukua muda wa kupiga chafya. Bado kila ninapokwenda mwambani nahesabu ncha zisizo na fundo nyingi kuliko watu wasio na grigri.

7. Nelion

Ukumbini ukikosea kuna godoro. Sasa peleka hirizi hiyo Mlima Kenya. Njia ya kawaida ya Nelion, kilele cha mita 5,188, ndiyo ile waliyoifungua Eric Shipton na Percy Wyn-Harris mwaka 1929 wakiwa na kamba za katani na viatu vya misumari. Kupanda ni nusu ya kazi. Kushuka ni kwa kamba, hatua baada ya hatua, na kwa kawaida kamba hupitishwa kwenye nanga ikashuka pande mbili, unashuka kwa zote mbili, kisha unaivuta upande mmoja ikufuate.

Grigri hupokea kamba moja. Mbili hazimo. Zipo mbinu za mafundo za kulizunguka hilo, na anayezijua hahitaji makala hii. Ninayemzungumzia ni kijana aliyeshika kamba miaka mitatu ukumbini, kifaa kimoja, kamba moja, sasa yuko juu, ukungu umeingia, vidole havisikii, na amegundua kwamba chombo pekee anachokijua hakiteremki. Kuna kibanda kidogo cha mabati juu ya Nelion, alichokijenga Ian Howell mwaka 1970. Ni pazuri pa kukaa ukitafakari manunuzi yako.

Angejua fundo la Munter, ambalo halihitaji kitu zaidi ya karabina moja pana yenye kufuli, angeshuka. Lakini fundo hilo hatufundishi tena siku ya kwanza. Tunafundisha kufungua boksi.

8. Nani analipa

Mwaka 2004 Waziri John Michuki aliziamuru matatu zote za Kenya zifungwe vidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa. Tunakumbuka kilichofuata baada ya moto wa kwanza kupoa. Kidhibiti kilikuwepo, stika ilikuwepo, na waya ulikuwa umeng'olewa na fundi wa mtaani kwa bei ya chai. Dereva alikuwa na ushahidi wa usalama na hakuwa na usalama. Abiria aliiona stika, akalala.

Kwenye mwamba abiria ni mpandaji. Anayefaidi hoja ya "inashika yenyewe" ni wengine. Ukumbi unafaidi, kwa sababu mafunzo ya siku nne yanaweza kuwa ya nusu saa na mteja akaanza kulipa leo. Kiongozi wa watalii anafaidi, kwa sababu anaweza kumpa kamba binamu yake aliyekuja kubeba maji. Muuzaji anafaidi kwa njia isiyohitaji maelezo. Na mshika kamba mwenyewe anafaidi kuliko wote: amepewa ruhusa ya kutazama simu. Gharama yote imepelekwa juu, kwa mtu mmoja, ambaye amegeuza uso ukutani na hawezi kuona kinachoendelea.

Hapa wazee wa tyubu wameanza kutabasamu. Wasinitabasamie. Nimewaona nao, wanapiga soga huku mkono uko juu ya tyubu badala ya chini, mahali ambapo tyubu haishiki kitu, wakijisifu kwamba wamefanya hivyo miaka 20 bila ajali. Miaka 20 bila mtu kuanguka si ushahidi wa kushika. Tofauti yangu na wao ni kwamba mimi ninacho kifaa cha kusaidia breki, nakitumia, na ninapokuwa juu napenda aliye chini awe nacho, mradi kwanza amenionyesha kwamba anaweza kunizuia kwa tyubu au kwa fundo la Munter na kamba ikimuunguza kiganja. Asiyeweza hivyo, kifaa hakimwongezei kitu. Kinamficha.

Turudi Lukenya. Nilishuka, kwa mikono na miguu yangu kadiri nilivyoweza na kwa rehema za kamu kwa mita zilizobaki. Malori ya barabara ya Mombasa yalikuwa yakinguruma kwa mbali. Yule kijana wa njugu alinipokea vizuri, akanikaribisha njugu, na kwa kuwa aliona nimekunja uso akajaribu kunituliza kwa kuniomba ushauri. Alikuwa anaweka akiba. Je, anunue Grigri+ au Neox?

Nikamwuliza kamba yake ni ya milimita ngapi.

Hakujua. Akasema imeandikwa kwenye ncha, akaenda kuitafuta, akaifuata kamba mkononi kutoka kiunoni mwake, nyasini, mpaka kwenye kichaka ilikoishia. Akanionyesha. Utepe ulikuwa umesuguika, namba haisomeki, na chini yake kamba ilikuwa imekatwa safi, laini, bila kitu.

"Na fundo liko wapi?" nikamwuliza.

Akatazama kifaa.